Marehemu Anatory Rwegoshora, Aliyetufundisha Misemo ya Kiingereza

Ndugu waombolezaji, wenzetu wa mitaa ya Dengfeng na Guangyuan Xilu hapa Guangzhou, familia imeniomba mimi shemeji yake, Mwenda, niwasomee maisha ya ndugu yetu.

Anatory alizaliwa tarehe 9 Septemba 1981, Kamachumu, wilayani Muleba, akiwa mtoto wa tano wa marehemu Mzee Eliakimu na Ma Paskazia, akasoma huko huko hadi darasa la saba, kisha sekondari Bukoba, na baada ya chuo cha ualimu akafundisha Kiingereza Mwanza hadi mwaka 2009, alipokuja Guangzhou kusoma Kichina, akimuahidi mama yake miaka miwili tu.

Miwili ikazaa kumi na mitano. Alikuwa mkalimani wa wanunuzi wa nguo, lakini ualimu haukumtoka, na wenye maduka, malaoban wenyewe, walimwekea kigoda na chai ili awaeleze kwa nini Mwingereza husema mvua inanyesha paka na mbwa, naye akakiri kwamba asili yake hakuna aijuaye kwa hakika, ila “gudbai” ni dua iliyofupishwa, Mungu awe nawe, na “gosh” ni jina la Mungu lililopindwa na watu walioogopa kulitaja ovyo.

Tarehe 14 Juni 2014 alifunga ndoa na dada yangu Mueni, wa Kitui, wakajaliwa binti mmoja, Lulu, tarehe 3 Machi 2016, ambaye mwaka 2019 alipelekwa kwa bibi yake Kamachumu aanze shule, na kila mwaka baba yake akamuahidi kwamba Krismasi atakuja, na kila Krismasi likazuka jambo.

Januari 2024 tumbo lilianza kumuuma. Mueni alimchemshia tangawizi, akamsihi waende hospitali, naye akacheka, akasema anauma risasi, kama askari wa zamani ambao inasemekana walipewa risasi waitafune wakipasuliwa bila ganzi, nasi wajinga tukaupenda msemo huo, tukawa tunausema sokoni mzigo ukichelewa, huku mwenzetu akiteketea mbele ya macho yetu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Alilazwa tarehe 2 Septemba, ini likiwa limekwisha, akafariki Jumanne tarehe 15 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mueni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao tuliwafikishia mgonjwa wakati hawana tena la kufanya, majirani wa ghorofa ya sita waliompikia Mueni uji, wakalimani wenzake, na malaoban waliofunga maduka leo ili wawe hapa.

Juhudi zote za kuusafirisha mwili zimeshindikana, na keshokutwa utachomwa, jambo ambalo kwetu halina hata jina la heshima. Lulu ameambiwa baba anakuja, na safari hii ameamini. Ma Paskazia amekwisha chimbisha kaburi kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, kando ya Mzee Eliakimu, refu la kumtosha mtu mzima, kwa kuwa mpaka asubuhi hii hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumwambia kwamba atakachopokea ni kijisanduku cha kupakatwa.

Pumzika kwa amani, Anatory, hata kama si nyumbani.