Mzee Bomba na Bustani ya Nyuma ya Jiko

Ndugu, majirani na ninyi mliosimama juani, tutasoma wasifu huu kwa kifupi, maana miguu imechoka, na marehemu mwenyewe maneno marefu yalimpa usingizi.

Marehemu, mliyemzoea kwa jina la Mzee Bomba, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga, akasoma hadi darasa la saba na kumaliza mwaka 1966, hesabu akizijua, kusikiliza hakujua.

Mwaka 1972 aliajiriwa na reli, kazi yake kubeba bomba mgongoni na kupulizia dawa ya magugu kandokando ya njia ya treni, dawa ya kukaa, siyo ya kuua leo na kesho ikaisha, kwani reli haitaki jani mwaka mzima. Alifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1975, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, na wajukuu ambao wako hapa wakivutana nguo.

Siku aliyostaafu, tarehe 31 Machi 2006, akimwonea huruma mkewe aliyelalamikia mgongo kwa palizi, alirudi na masalio ya dawa, akapulizia bustani ya nyuma ya jiko, na kwa kuwa mapenzi hayana kipimo, naye kipimo akakizidisha mara mbili. Magugu yalikufa, lakini maharage yaliyofuata yalichipua, yakageuka njano pembeni mwa majani, yakalala. Mkewe akamwambia kweli amempumzisha, hata chungu sasa kimepumzika. Mvua zikateremsha dawa hadi kwa jirani yetu fundi cherehani, mchicha wake ukaungua, naye hakuisalimia nyumba yetu misimu miwili, na alikuwa na haki.

Marehemu alidhani mvua moja itasafisha, akaja kuona kwamba maji ya juu huondoka na kidogo, iliyobaki udongo wetu wa mfinyanzi huishika kama ngumi ya bahili, na mwaka wa ukame dawa hulala tu, haiozi, kwa kuwa vijidudu vya udongoni vinavyoila navyo vinataka unyevu. Akachimba mtaro kumkinga jirani, akachanganya samadi na mkaa uliopondwa, na kila msimu akajaza makopo mawili, moja udongo wa bustani, jingine udongo wa langoni ambako dawa haikufika, akapanda maharage humo na kuyalinganisha aone kama dawa imeisha. Watu walimtania kwamba analea makopo kuliko wajukuu. Yeye akaapa hafi kabla mkewe hajapika maharage ya pale.

Mwezi Aprili 2012 moyo ulianza kumchosha, akalazwa, na kila aliyekwenda kumwona aliulizwa habari za makopo kabla ya salamu. Alifariki tarehe 9 Juni 2012, alfajiri, kiapo kikiwa hakijatimia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, wenzake wa reli waliobeba jeneza kama walivyobeba mabomba, majirani wote, na fundi cherehani aliyemshonea suti anayolala nayo, bila kuombwa.

Asubuhi hii, kabla ya kuja hapa, mkewe aliyatazama makopo dirishani, la bustani na la langoni, yote kijani, akashindwa kujua lipi ni lipi. Magugu nayo yameanza kurudi bustanini.

Pumzika kwa amani, Mzee Bomba, palizi tutafanya kwa jembe.