Meza Tatu za Vissarion Kogai, Mpiga Tromboni (1948–2025)

Marehemu Vissarion Kogai alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika shamba la ushirika karibu na Ushtobe, mtoto wa pekee wa Andrei Kogai na Agafia Pak. Baba yake alifariki akiwa na miaka ishirini na tisa, wiki tatu kabla mtoto hajatimiza mwaka. Nyumba yenye msiba haitandiki meza ya mtoto kutimiza mwaka. Kwa hiyo Vissarion hakuwekwa mbele ya mikate ya mchele, kitabu, mkasi na uzi wa maisha marefu ili achague cha kumwongoza. Na kwetu Wakorea, aliyekosa meza ya mwaka wa kwanza hatandikiwi ya arusi wala ya miaka sitini.

Alisoma shule ya shamba hadi 1966. Bendi ilimpa tromboni akiwa na miaka kumi na miwili kwa sababu moja tu: mikono mirefu iliyofikisha bomba la kuvuta hadi mwisho. Alihitimu chuo cha muziki cha Alma-Ata mwaka 1972, na Septemba 1973 akaanza uzamili wa tromboni kwa Profesa Ladygin.

Profesa alimrudisha mwanzo kabisa. Kwa miezi mingi hakumruhusu kupiga wimbo hata mmoja. Alimlaza chali na vitabu tumboni, akamfundisha kuvuta pumzi, kisha kushika sauti moja mpaka itulie.

Wakati huo alikuwa amemchumbia Klara Tyugai, mwalimu wa jiografia. Mama yake Klara, Bi Evdokia, alimpenda kijana, lakini meza ya arusi alikataa.

"Kosa si lako, mwanangu," alimwambia. "Ila meza ya pili bila ya kwanza ni kuita balaa lije kula nasi."

Vissarion alirudi darasani kichwa chini. Profesa alimsikiliza kidogo, akamsimamisha. "Tromboni yako inalia kama ng'ombe aliyesahauliwa zizini. Kafa nani?" Akaelezwa yote. Hakucheka.

Onyesho la mwaka wa kwanza lilipangwa tarehe 14 Septemba 1974, jioni. Asubuhi yake, kabla ya saa sita kama desturi inavyotaka, Mama Agafia, kwa ombi la Profesa, alitandika meza ya mwaka wa kwanza palepale darasani, Bi Evdokia akiwa amealikwa. Mchele wa mikate alikuwa ameutwanga mwenyewe. Profesa akaongeza kipande cha kupulizia tromboni.

"Huyu ana miaka ishirini na sita," Bi Evdokia akasema.

"Nyumbani kwenu, mama. Darasani kwangu ametimiza mmoja. Alipofika hakujua hata kupumua."

"Na nepi ulimbadilisha wewe?"

"Afadhali nepi. Mimi nilimsikiliza."

Bi Evdokia akacheka mpaka akaketi, na kuketi mezani kulikuwa kukubali. Macho yote yakaelekea kwenye kile kipande cha tromboni. Vissarion akachukua uzi.

"Unaniaibisha," Profesa akanung'unika.

"Tromboni ninayo tayari, Mwalimu. Nilichopungukiwa ni miaka."

Walioana tarehe 9 Novemba 1974, na meza ya pili, ya arusi, ikatandikwa. Alipiga katika okestra ya opera hadi 1998, kisha akafundisha hadi 2016. Wanafunzi wake wote walilala chali na vitabu tumboni. Machi 2008 watoto walimtandikia meza ya tatu, wakainama mbele yake wakimmiminia kinywaji, naye akawakosoa namna ya kupumua.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2022. Alifariki nyumbani Almaty, kama Alma-Ata inavyoitwa sasa, asubuhi ya tarehe 3 Juni 2025, Klara akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Klara; watoto wawili, Larisa na Oleg; wajukuu wanne, na wanafunzi ambao leo watampigia kaburini.

Uzi ule ulikaa miaka yote ndani ya sanduku la tromboni. Jana Klara aliufunga kwenye kifundo cha mkono wa marehemu. Ulimfikisha miaka sabini na saba.

Sasa apumue kwa raha, na ardhi iwe laini juu yake.