Mama Minza na Njia ya Tembo wa Kimali

Waombolezaji wote mliofika hapa Kimali, ukoo wa Machibya na ukoo wa Mboje wanawasalimu kwa jina la Bwana, nao wamemtuma Marcelo Machibya, mdogo wake marehemu, awasomee maisha ya dada yake kama yalivyokuwa, bila kupunguza.

Marehemu Felisita Minza Machibya alizaliwa tarehe 14 Aprili 1938 huko Lalago, Maswa, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Machibya Shija, mfugaji na mkulima wa pamba, na mama Nyanjige, ambaye wazee wa hapa wanamkumbuka kwa ulimi wake mkali, ulimi ambao marehemu aliurithi wote asimwachie ndugu yeyote.

Mwaka 1948 alipelekwa kwa shangazi yake Malampaka, karibu na stesheni, akaanza shule ya misheni, akabatizwa Krismasi ya mwaka 1950 kwa jina la Felisita, na mwaka 1951 akamaliza darasa la nne, akiwa anajua kusoma, kuandika na kubishana. Elimu hiyo hakuikalia, kwani kuanzia mwaka 1972 alifundisha kisomo cha watu wazima hapa Kimali, na baadhi yenu mlioketi hapa alama zenu za kwanza za kalamu mliziandika yeye akiwashika mkono.

Tarehe 22 Juni 1957 alifunga ndoa na marehemu Mahona Mboje, akahamia hapa, wakajaliwa watoto sita, wanne wako hai wakiongozwa na binti yao mkubwa, Anna. Mwaka 1966 mtoto wao Shija, mwenye miaka minne, alifariki kwa surua, na marehemu alikaa miezi hasemi na mtu. Kiangazi hicho, akitafuta kuni juu ya jiwe kubwa lililo kando ya korongo, aliona chini yake kundi la tembo limesimama kumzunguka mtoto wao aliyekufa, mama akimgusa kwa mkonga, akimwinua mguu na kuuachia, wengine wakimtupia udongo na matawi, na hadi jua linazama hakuna aliyeondoka. Alirudi nyumbani akamwambia mumewe, "Mahona, nao wanafiwa," na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu msiba.

Kuanzia hapo jiwe lile likawa kiti chake. Kila kiangazi, kazi za shamba zikiisha, alipanda akakaa, akawajua tembo kwa masikio yaliyochanika na pembe zilizovunjika, akajifunza kwamba kundi linaongozwa na jike mzee na madume wakubwa hutembea kivyao, kwamba mtoto akikwama kwenye tope hata asiye mama yake atakuja kusukuma, na kwamba mto ukikauka huchimba mchanga kwa miguu na mikonga hadi maji yatoke, yakanywewa pia na swala, ndege, na ng'ombe wa Kimali, ambao wenyewe hawajawahi kutoa shukrani. Mwaka 1974, wakati wa kuhamishiwa vijijini, nyumba yake ilibomolewa, akahamishwa kama wengine hadi upande mwingine wa hapahapa Kimali, na siku ile aliapa kwamba hatahamishwa mara ya pili.

Mume wake alifariki tarehe 3 Machi 1989, na marehemu akabaki na shamba. Mwaka 1994 wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia, kila mwenye jembe alitaka kulima hadi ukingoni mwa korongo, miti ikakatwa, malisho yakageuzwa mashamba. Mama Minza peke yake aliacha ukanda mpana katikati ya shamba lake, akauita ngitili, kama tunavyoita malisho yaliyotengwa, ingawa hakufungia humo hata ndama mmoja, kwa sababu alijua ndipo tembo wanapopita kwenda mtoni.

Baadhi ya wazee wameiomba familia sehemu inayofuata isisomwe leo. Itasomwa.

Mwezi Mei 1996 tembo walipita na kulaza pamba ya majirani watano, pamba ya Mama Minza ikabaki imesimama, na maneno yakaanza, kwamba kikongwe anayekaa juu ya jiwe akizungumza na mhuli, yaani tembo, hawezi kuwa mtu mwema, kwamba macho yake ni mekundu kama ya mchawi, kwamba ndiye anayewatuma. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, kama ya kila mama aliyepika hapa. Tarehe 2 Juni aliitwa mbele ya mkutano, kura zikapigwa, na kamanda wa sungusungu wanaolinda kijiji, Nyanda Mayunga, akamwambia ahame kabla ya mavuno kwisha. Mama Minza hakukaa chini. Alijibu, "Nyanda, nimezika mume na watoto wawili katika ardhi hii, siondoki. Njoo ukae nami juu ya jiwe, na ukiniona namwita tembo hata mmoja, nifukuze mwenyewe."

Nyanda alikwenda, na tunamsifu kwa hilo. Alasiri ya siku ya tatu kundi lilikuja, jike mzee mbele, watoto katikati. Jike yule akasimama kwenye mtaro wa shamba jipya, akanusa udongo, akainua mguu kana kwamba anaujaribu, kisha akapita moja kwa moja hadi kwenye ngitili na kutokea upande wa pili, wote nyuma yake mmoja mmoja. Kutoka juu ya jiwe Nyanda aliona mashamba yote matano yaliyovunjwa yamejipanga kwenye mstari mmoja na ule ukanda. Alirudi mkutanoni akasema, "Ndugu zangu, tumelima barabarani."

Si wote walioridhika. Tarehe 19 Agosti mwaka huohuo nyumba ya Mama Minza ilichomwa moto akiwa kanisani, na waliochoma wanajijua. Kesho yake asubuhi alikuwa juu ya jiwe kama kawaida, na wiki iliyofuata alijenga palepale, Nyanda akibeba miti, Anna akikanda udongo. Baadhi yenu baadaye mliacha ukanda katika mashamba yenu, wengine mkakataa, na kila msimu mnaona wenyewe tofauti yake.

Mwezi Novemba 1998 alianza kuumwa tumbo, akatibiwa katika hospitali ya Bariadi, akaonekana ana uvimbe, akarudishwa nyumbani kwa kutaka kwake, na Julai mwaka huu alibebwa kwa kitanda hadi kwenye jiwe mara ya mwisho, akakaa hadi tembo wakapita. Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Septemba 1999, saa nne asubuhi, nyumbani kwake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bariadi, katekista wetu, wanakwaya, walimu wenzake wa kisomo, na majirani waliompikia na kumwogesha, wakiwemo wawili waliowahi kupiga kura ahamishwe, ambao yeye aliwapokea bila kuwakumbusha.

Mayu Minza, mama yetu, walitaka uondoke, umebaki. Pumzika kwa amani katika ardhi ya Kimali, na sasa hakuna wa kukuhamisha.