Mama Mkasi, Aliyeacha Kisu Akakata Chai

Ijumaa, tarehe 3 Mei 2024, marehemu aliamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kama siku zote. Alifungua dirisha la jikoni, akabandika maji, akamwita mumewe mara mbili. Mara ya kwanza kwa upole. Mara ya pili kwa jina la kazini: "Baiskeli! Chai inapoa huku."

Chai yenyewe ilikuwa haijachemka. Mumewe alijua hivyo, na kwa miaka hamsini na mitatu aliamka vilevile.

Walikaa mezani, marehemu upande wa dirisha, mumewe upande wa mlango. Ilikuwa zamu ya marehemu kusema. Akasema. Mumewe akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Hilo zito, mama. Nitakujibu kesho."

"Unijibu kweli," akasema marehemu. "Sitaki zile 'sawa' zako."

Kisha akachukua kikapu, akaenda dukani. Zamu hiyo ilikuwa ya nini, itaelezwa hapa, kwa sababu bila hiyo maisha yake hayaelezeki.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 3 Juni 1947, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba. Baba yake alikuwa fundi viatu, mama yake alishona mashuka ya hospitali. Alipofika miaka mitano baba alimpa mkasi mdogo akate nyuzi za viatu, na tangu siku hiyo mkasi haukumtoka mkononi. Alikata mstari ulionyooka bila kuchora. Mara moja tu alikosea utotoni: alimkata dada yake mkubwa nywele za mbele siku moja kabla ya kupigwa picha ya shule. Picha ipo. Dada naye yupo hapa leo, na kilemba chake. Amesema amekwisha kusamehe, lakini hajasahau.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1955 hadi 1962. Hesabu alikuwa wa pili darasani, na aliyekuwa wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu. Macho ya baba yake yalipoanza kupungua, marehemu alibaki kumsaidia kazini, akawa anasoma uchapaji jioni.

Mwezi wa Januari 1966 aliajiriwa katika ofisi ya ukaguzi wa filamu, ghorofa ya tatu, juu ya posta. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja, meza ndefu, taa chini ya kioo, na kidude cha kuhesabia futi. Ukutani kulikuwa na safu ya misumari, na chini yake mfuko mkubwa wa kitambaa. Wakaguzi walikuwa wakitazama filamu asubuhi kule sinema, wakiandika kwenye karatasi mambo ambayo watu hawapaswi kuyaona. Zile filamu za wauaji na wapelelezi ndizo zilizowapa kazi. Mtu akichomwa kisu, kata. Akinyongwa, kata. Akitupwa dirishani, acha mpaka atoke dirishani, akianza kuanguka kata. Karatasi ilipofika mezani, marehemu alipima futi, akakata, akaunganisha kwa gundi, akatundika kile kipande msumarini. Kila Ijumaa mchana vipande vyote vilichomwa ndani ya pipa nyuma ya ofisi.

Hivyo ndivyo alivyopewa jina la Mkasi. Sinema ikiruka ghafla, muuaji yuko mlangoni kisha yuko barabarani anawasha sigara, watu walipiga miluzi, wakaita, "Mkasi! Turudishie!" Njiani wanaume wazima walimfuata. "Dada Mkasi, tuambie tu. Yule tajiri alikufaje?"

"Alikufa vizuri," alijibu. "Alikuwa na koti safi."

Mji mzima uliamini kwamba marehemu amebeba kichwani vifo vyote vya miaka ile. Leo isemwe kweli yake, maana sasa haimdhuru. Hakuvitazama. Alikuwa akitazama picha ya kwanza na picha ya mwisho tu, ile ya kuanzia na ile ya kuishia. Katikati aligeuza uso dirishani, akaacha vidole vihesabu. Amekata damu miaka ishirini na mitatu, na huenda katika mji huu hakuna aliyeiona kidogo kumliko yeye.

Mumewe alikuwa mbeba mikebe. Alichukua filamu stesheni akazipeleka sinema, akazitoa sinema akazipeleka ghorofa ya tatu, mikebe minne minne nyuma ya baiskeli. Hakusoma shule. Mikebe aliijua kwa mikwaruzo yake.

Alhamisi, tarehe 10 Oktoba 1968, mvua ilinyesha. Baiskeli iliteleza kwenye kona ya posta, mikebe miwili ikafunguka, na kanda mbili zikaviringika hadi kwenye ngazi. Alizifuta kwa shati lake, akazirudisha. Ile ya nne aliiweka katika mkebe wa tano, na ya tano katika wa nne. Akapanda ngazi, akasema, "Kazi yako hii hapa, dada," akashuka.

Karatasi ilisema: mkebe wa nne, kata pale mlango unapofunguka, futi arobaini na tano. Filamu ilitakiwa jioni ileile. Marehemu hakusoma maandishi ya mwanzo wa ukanda. Alipima, akaona mlango unafunguka, akageuza uso, akakata.

Jumamosi usiku sinema ilijaa. Mwendesha mashine alisoma mwanzo wa kila ukanda, akaona zimepishana, akazipanga sawasawa, akanyamaza. Saa moja na robo ndani ya filamu, watu wakaona kisu, chote, tangu kinapotoka mfukoni hadi mwisho. Wanawake wawili walizimia. Waliobaki walisimama wakapiga makofi, kwa kuwa walidhani Mkasi amewahurumia.

Jumatatu mkuu wa ofisi alimwita marehemu. Sauti yake ilisikika hadi kwenye foleni ya stempu: "Umeacha kisu, umekata chai! Mume anarudi nyumbani, mke anammiminia chai. Hilo ndilo ulilowaficha watu?"

Marehemu akasema, "Kosa ni langu, mzee." Akaondolewa kwenye meza, akapelekwa stoo ya mafaili miezi mitatu.

Aliyefanya kosa alisikia habari hiyo siku ya tatu. Alipanda ngazi na kofia mkononi. Hili ndilo zungumzo lao la kwanza lililozidi maneno matatu, na mumewe analikumbuka lote.

"Dada, mikebe ilianguka. Ni mimi."

"Najua ni wewe. Kulikuwa na tope kwenye ukanda. Tope halipandi ngazi peke yake."

"Basi nakwenda kwa mkuu sasa hivi."

"Kaa chini. Wewe atakufukuza, mimi amenipeleka stoo tu. Tena sikusoma mwanzo wa ukanda. Tumekosea wawili." Akachukua chaki, akaandika juu ya mfuniko wa mkebe mtupu. "Hii namba gani?"

"Nne."

"Tano. Rudia."

Akarudia. Akarudia tena kesho yake, na siku zilizofuata, baada ya kazi, pale stoo. Zilipokwisha namba zikaanza herufi. Masomo hayo yalipotimiza miezi miwili mumewe alikuwa ameweza kusoma "posta" na "hatari" na jina la marehemu. La mwisho hilo aliliandika kwenye mfuniko, akauacha mezani, akakimbia kama aliyevunja kioo.

Aliporudishwa mezani kwake mwezi wa Januari, marehemu aliukung'uta ule mfuko wa kitambaa. Chini kabisa, kwenye mshono, kulikuwa na kipande kilichonasa. Futi arobaini na tano. Chai ile haikuchomwa. Filamu yenyewe ilikuwa imekwisha kusafirishwa nchi nyingine, na hapakuwa na pa kukirudisha. Akakikunja, akakitia ndani ya kopo la biskuti, akampa mbeba mikebe. "Chukua chako. Mkasi ulikuwa wangu, lakini aliyekata ni wewe."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1970. Kopo lile lilikuwa kitu cha kwanza kuingia katika nyumba yao, kabla ya kitanda.

Kwenye kipande hicho yumo mwanamke jikoni, amevaa aproni ya maua. Mlango unafunguka. Mwanamume anaingia, ana kofia. Mwanamke anasema neno. Mwanamume anavua kofia, anajibu. Mwanamke anamimina chai, kisha anainua uso, anafungua mdomo aseme. Hapo ndipo mkasi ulipopita. Hawakuwahi kukiona kikitembea. Walikishika dirishani, picha moja moja, na wanachosema wale wawili hawakukijua, kwani ukanda ulioshikwa mkononi hautoi sauti.

Basi wakaanza kuwasemea. Asubuhi moja marehemu alisema neno la mwanamke. Asubuhi iliyofuata mumewe alijibu la mwanamume. Kanuni ilikuwa moja tu, neno lisirudiwe. Walifanya hivyo mpaka mikono ikaanza kutetemeka na vikombe. Marehemu alikuwa na maneno. Mumewe hakuwa nayo mengi.

"Wiki nzima mwanamume huyu anasema 'sawa'," alilalamika marehemu. "Ungekuwa wewe mwanamke yule, ungemfungulia mlango?"

"Sawa," akajibu mumewe, na marehemu akamtupia kitambaa cha vyombo.

Hata siku walizokosana, zamu haikurukwa. Mwaka 1983 hawakusemezana siku tisa kwa sababu ya jambo ambalo sasa hakuna anayelikumbuka. Mezani, mwanamke na mwanamume wale waliendelea kuzungumza. Siku ya kumi mwanamke akasema, "Mwambie mwenzako amenuna vya kutosha," mambo yakaisha.

Chumba cha kukatia kilifungwa mwaka 1989, watu walipoanza kutazama filamu majumbani. Marehemu alirudi na mkasi wake, akashona mapazia hadi mwaka 2015. Mapazia mengi ya mtaa huu, ukiyatazama vizuri, pindo lake limenyooka.

Miaka mitatu iliyopita mjukuu wao wa kike alikuja na simu. "Bibi, filamu yenu ile ya kisu ipo, nimeiona. Ipo nzima, na chai imo. Niwawekee msikie wanasema nini?"

Mumewe aliweka miwani. Marehemu akaufunika uso wa simu kwa kiganja. "Acha, mama. Wale wakianza kusema wenyewe, sisi tutasema nini asubuhi?"

Ijumaa ile ya Mei, marehemu alirudi dukani saa mbili na nusu. Kikapu kilimwanguka mlangoni. Kilikuwa kiharusi. Alipelekwa hospitali, wodi ya wanawake, kitanda cha tisa karibu na dirisha. Hakuweza kusema tena. Macho yalikuwa yake, yaleyale. Muuguzi alimwambia mumewe, "Baba, zungumza naye. Anasikia."

Mumewe alizungumza. Alimweleza kuhusu bomba linalovuja na jirani aliyepaka ukuta rangi mbaya. Lakini zamu ilikuwa yake, na jibu alikuwa nalo tangu Jumamosi asubuhi. Alilitafuta Ijumaa kutwa, akalipata alfajiri. Hakulisema. Alitaka kulisema mezani, marehemu upande wa dirisha, yeye upande wa mlango. Kila siku alijiambia, akirudi nyumbani nitamjibu. Siku kumi na moja alikaa nalo mdomoni.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na sita. Mumewe alikuwa ameshika kikombe.

Ameacha mume, binti wawili na mwana mmoja, wajukuu saba, kitukuu mmoja aliyejifunza kutembea mwezi uliopita, na dada yake mkubwa. Ameacha mkasi, ambao binti wa kwanza ameombwa auchukue, na kopo la biskuti, ambalo linakwenda na marehemu kaburini. Mjukuu ameuliza tena kama babu anataka kuisikia filamu ile. Babu amesema hapana.

Wafiwa wanawashukuru wauguzi wa wodi ile, majirani waliopika na kukesha, na nyote mliosimama juani hapa.

Jibu la mumewe limechelewa, lakini zamu hairukwi, na litasemwa sasa mbele yenu. Ni hili: "Basi endelea, mama. Mimi nangoja hapa mlangoni, kofia mkononi."

Apumzike kwa amani, na vidole vyake vipumzike visihesabu tena. Na ili jibu hilo lieleweke, hili ndilo neno alilosema mezani asubuhi ya Ijumaa, bila kukatwa popote:

"Mbona umerudi mapema leo? Nilikuwa sijamaliza kukukumbuka."