Bibi Utepe na Pakiti Aliyoitaja Mwenyewe

Wasomaji mniwie radhi. Jarida hili la hospitali yetu ya kanisa limekaa kimya miezi miwili kwa sababu yangu: kila niliposhika kalamu, moyo ulikataa.

Tarehe thelathini mwezi huu, msimamizi wa chumba cha kutakasia vifaa vya upasuaji, ambaye hospitali nzima humwita Bibi Utepe, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi.

Jina hilo alilipata kwa haki. Kila pakiti ya vifaa hufungwa kwa utepe mweupe, ambao hutokeza mistari myeusi mvuke wa mtambo wa kutakasia ukiipenya pakiti sawasawa. Isiyo na mistari haikutoka kwake. Daktari mmoja, mkali kama pilipili, aliwahi kufoka dirishani, "Bibi, mgonjwa yuko mezani!" Akajibiwa, "Nasikia, Daktari. Na mvuke uko njiani." Daktari akangoja. Miaka kumi baadaye alimleta mama yake mzazi apasuliwe hapa hapa.

Katika sala za asubuhi hakuwa msemaji. Sisi wengine tulitoa ushuhuda hadi chai ikapoa. Muuguzi mmoja akamtania, "Mwenzetu, wokovu wako umelala?" Ndipo akasimama, mara moja tu kwa miaka yote hiyo, akasema kwamba utepe hausafishi kifaa, huonyesha tu kuwa joto limefika ndani. Kumtii Kristo ni hivyo hivyo. Akaketi. Mimi, mzee wa kanisa, niliona maneno hayo ni machache mno.

Miezi miwili iliyopita, akikagua daftari anamobandika kila utepe uliotumika, aliukuta mmoja mweupe pee, na kando yake sahihi yake mwenyewe. Pakiti hiyo ilikwisha kutumika kumshona mwashi mmoja mkono. Hakuna mwingine aliyeona. Alinijia ofisini, nami, katibu wa hospitali, nikamwambia, "Dada yangu, yaliyopita si ndwele. Staafu kwanza." Akajibu, "Kaka, nimeagizwa kusema kweli. Kungoja sikuagizwa."

Akaandika taarifa. Mwashi aliitwa, akapimwa, ni mzima. Lakini kamati ya nidhamu imekaa mara mbili na bado haijaamua kama tutamuaga ukumbini au atapewa barua ya kufukuzwa kazi. Viti vimekwisha kupangwa. Mlango wangu ukibishwa, nashtuka. Yeye bado anaingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ananawa, anafunga pakiti.

Asante, dada, kwa majeraha yote yaliyopona bila mtu kujua ni kwa nini. Mungu akupe uzee wenye afya na asubuhi zisizo na kengele.

Kamati itakapoamua, nitawaandikia siku hiyo hiyo, uamuzi uwao wowote. Na kwa kuwa unaweza kunigusa hata mimi, mjue kwamba leo asubuhi nimeipelekea kamati, kwa maandishi, ule ushauri niliompa wa kunyamaza hadi astaafu.