Kuleni Ningali Mwenyeji Wenu

Zimeni hizo simu, wanangu, mkae chini mnisikie, maana pumzi yangu siku hizi ni ya kubana matumizi na sitaki kurudia neno. Deborah, jirani yangu, niinue kidogo na huo mto nimwone kila mmoja. Lukmani, usisimame mlangoni kama mtu anayesubiri gari, ingia ndani. Na wewe Mansuri, geuka, huo ukuta hauna cha kukuambia. Najua mmekuja kila mtu na njia yake, mmoja katoka Kibondo, mwingine katoka Buhigwe, na mlipokutana hapo uani mlisalimiana kwa kumtuma dada yenu Kuruthumu, mwambie huyu hivi, mwambie yule vile. Mlidhani sisikii. Miguu imekwisha, macho yanaona ukungu, lakini masikio bado ni yale yale yaliyokuwa yakiwasikia mkilia kabla hamjaanza kulia.

Mimi Swaumu sina mali ya kuwafanya mkae vikao. Nina mji huu hapa Titye, nyumba na jiko lake la nje, migomba aliyoipanda baba yenu, kihenge kimoja, na kile kipande cha bondeni ambacho ndicho kimetufikisha hapa. Nitakisema. Kwanza niacheni niseme habari ya chakula, maana mtu akiniuliza maisha yangu nimeyafanyia nini, sina jibu jingine.

Baba yenu Tamimu alikuwa mtoto wa duka. Kazaliwa nyuma ya kaunta Kasulu mjini, babu zake watu wa pwani, na kwake yeye chakula kilikuwa kitu cha kununua, unga ukiisha unatuma mtu. Mimi ni Muha, nimekulia kwenye majembe, na kwetu chakula ni kitu cha kuweka. Aliponioa tukaja kukaa huku, siku ya kwanza kuona nimefunga mahindi mawili mawili kwa maganda yake na kuyatundika kwenye uchaga juu ya meko, aliniuliza kama nayafundisha kuvuta sigara. Alicheka na majivu yangu ya kuchanganya na maharage, akacheka na makopa yangu ya muhogo yaliyoanikwa juu ya mwamba, akasema harufu yake inamfukuza nyumbani. Basi mvua zikagoma. Maduka yakabaki na viberiti na sabuni. Jioni moja alikaa kwenye jamvi, akala ugali wa yale makopa na maharage ya kwenye majivu, akasogeza bakuli aongezwe. Hakunicheka tena. Kuanzia mwaka ule yeye ndiye aliyekuwa akipanda ngazi kuyafunga mahindi, na mimi chini nampokeza, na huo, wanangu, ndio wakati nilioufurahia kuliko wote. Nasema wazi, kwa sababu sikuwahi kumwambia yeye.

Alipokufa ninyi wawili mlianza ugomvi hata mikeka ya matanga haijakunjwa. Bondeni pale, penye unyevu, panapozaa maharage wakati wa kiangazi nchi nzima imekauka, kila mmoja akasema baba aliniahidi mimi. Mkarushiana maneno ambayo siyarudii mbele ya Deborah. Tangu siku ile hamjala pamoja. Lukmani anakuja Idi ndogo, Mansuri anakuja Idi kubwa, na mama yenu anapika mara mbili kama mwenye nyumba mbili.

Sasa niwaambie nilivyoishi. Kila mavuno nimegawa mafungu. Mahindi ya upande wa mlangoni ya Lukmani, ya katikati ya Kuruthumu, ya upande wa ukutani ya Mansuri. Maharage hivyo hivyo, kila mtu na mtungi wake. Mlipokuwa watoto mlikuwa mkigombea hata nani fungu lake liko karibu na moto, nami nikazoea, mkono haukutaka kuacha. Nilianika, nikapepeta, nikauma punje moja moja kujua kama imekauka, kwa sababu punje iliyokauka inavunjika na isiyokauka inabaki na alama ya jino. Meno yalipoisha nikawa namwita Deborah aje aniumie. Anakuja na jembe begani, anauma, anasema bado mama, au anasema weka, anaondoka zake shambani. Wiki nyingine hilo ndilo neno pekee nililosikia kutoka kwa binadamu. Weka.

Nikaweka. Msimu mpya ukifika nashusha mafungu ya zamani, mazima, hayajaguswa, nawapa watu, napandisha mapya. Nilikuwa nikimwona mtu kule barabarani kwenye kona namhesabia nguo, hili shati la Mansuri, huu mwendo wa Lukmani, anafika karibu ni mtu anapita zake. Upweke unauma, wanangu. Hauui upesi, ila unauma, na unauma zaidi jikoni, kwa sababu chungu kidogo cha mtu mmoja kinaungua kabla hujageuka.

Nasikia mmekuwa mkiulizana mahindi ya mbegu ya mama yaliliwaje na dumuzi, na maharage yaliozaje, mama ambaye miaka yote hajaharibu kitu. Mmoja anasema ni uzee, mwingine anasema ndugu yake hakunitunza. Nitawaambia leo, mkae nayo wote wawili.

Mansuri, ulinionea huruma na moshi. Ulikuja Idi yako, ukaona macho yangu yanatoka maji, ukaniletea jiko la gesi na mtungi wake, ukaliweka mwenyewe, ukamwaga maji kwenye meko yangu, ukaniambia mama, kuanzia leo hukohoi. Nilikushukuru, na nilikushukuru kweli, moyo wako ni mwema. Lakini moshi ule ndio uliokuwa ukilinda mbegu. Ulipoondoka sikuwa na nguvu ya kupasua kuni, uchaga ukapoa, na dumuzi hakuwa na wa kumzuia. Nilikuwa nimelala humu ndani nayasikia yakitafunwa. Tena kuna jambo hukulijua. Wanawake wa huku walikuwa wakija kwangu asubuhi kuomba moto. Kaa la moto linaombwa pamoja na habari, fulani kajifungua, fulani anaumwa. Gesi haiombwi. Jikoni kwangu kukawa kusafi na hakuna mtu.

Na wewe Lukmani, ulileta lile pipa la plastiki lenye mfuniko wa kubana, ulilolisifia kwamba halipitishi mdudu. Ni kweli halipitishi. Lakini maharage yalikuwa bado yako kwenye mkeka, yalihitaji jua zaidi, nami nilikuambia ngoja. Hukungoja. Ulikuwa unataka kuondoka kabla ya siku ya ndugu yako, ukasikia anakuja mapema, ukayazoa na ubichi wake, ukayafungia humo, ukawasha pikipiki. Nilipofungua yalikuwa na ukungu mweupe, yananuka. Hakuna kitu nilichoweza kufanya ila kuyamwaga shimoni, na Deborah alinisaidia, na tulipomaliza alikaa na mimi mpaka nikaacha kulia.

Mnaona basi. Kama mngekuwa mnaongea, Lukmani angemwambia Mansuri mama anahitaji moto, na Mansuri angemwambia Lukmani acha yakauke, mimi nitayaingiza nikifika. Kila mmoja alinipenda kivyake, na mapenzi yenu mawili ndiyo yaliyomaliza akiba yangu ya msimu ule. Silaumu kwa hasira. Ningekuwa na hasira ningekuwa nimeisema zamani, nilipokuwa na sauti.

Niongezeeni mto. Hapo hapo.

Bondeni. Kile kipande hakikuwa cha baba yenu, wala hakuweza kumwahidi mtu. Kilikuwa cha baba yangu mimi, na alinipa siku nilipotoka kwake, akasema mwanangu, watu wa dukani wakikuchoka uwe na mahali pa kuchuma. Niliwaambia siku ile ya matanga. Nilisimama nikasema, hakuna aliyesikia, mlikuwa mnapiga kelele, na nikakaa chini. Leo nampa Kuruthumu. Nampa nikiwa hai na akili zangu, simwachii, mzee Nduwayezu huyo hapo mlangoni ni shahidi, na mwenyekiti wa kitongoji nilimwita wiki iliyopita akanisikia kwa mdomo wangu mwenyewe. Msikunje nyuso. Mmenyang'anyana kitu cha dada yenu miaka yote hii, na yeye kakaa kimya akiwapelekea salamu zenu.

Kuruthumu, bana banje, wanangu, nawapenda wote, lakini mbegu nakupa wewe. Maharage yale mekundu yenye doa, mahindi mafupi yasiyoogopa upepo. Yako kwa Deborah, aliyaokoa machache akayatundika kwake. Gawaneni. Yeye ana moto, wewe una ardhi, msichokane. Majivu uyachekeche, yapoe kabisa kabla hujachanganya, ukiweka ya moto unaua mbegu. Mtungi uuzibe kwa udongo na samadi. Usiweke chakula mahali usipopita kila siku, maana chakula kinataka kuangaliwa, na mtu pia.

Jiko la gesi mpelekeeni huyu dada yenu kwake Kasulu, ndipo mahali pake. Nyumba msiipige kufuli. Nimekubaliana na Deborah awe anawasha moto jikoni na kuweka vyake kwenye uchaga ule, na atakayekuja kati yenu atakuta jiko lina joto. Migomba gawaneni kama dini inavyosema, muiteni shehe, sina neno. Mimi mnizike pembeni ya Tamimu, upande wa chini, asiniambie nimempandia kichwani.

Sasa kuna jambo moja nataka, na ndilo nililowaitia. Mengine yote yangeweza kusemwa na Nduwayezu.

Mimi nikishaondoka, vilivyomo humu vinakuwa mali ya warithi. Mtakaa, mtagawa, kila mmoja atafunga gunia lake kwenye pikipiki yake na kwenda kwake, na fungu la mlangoni halitakutana na fungu la ukutani mpaka kiama. Nimeliona hilo nikiwa nimelala hapa na limeninyima usingizi kuliko kifua hiki. Lakini leo bado ninahema. Leo kihenge ni changu, jiko ni langu, na ninyi hamjawa warithi, ninyi ni wageni wangu, na mgeni hachagui atakula na nani. Leo asubuhi kabla hamjafika nilimwambia Deborah afunue kihenge chenye mavuno mapya, aliyonisaidia kuyagawa mafungu yale yale. Atoe katika kila fungu. Achanganye. Maharage yenu yamechemka chungu kimoja tangu jua halijawa kali, na unga umesagwa pamoja, hata mkitaka kutenganisha hamwezi. Hiyo ndiyo harufu mnayoisikia na kujifanya hamuisikii.

Kuruthumu, lete sinia. Moja. Weka hapa chini, karibu na kitanda changu. Mimi msiniwekee, koo limefunga tangu juzi. Nitasikiliza.

Kaeni. Mansuri, sogea. Magoti yagusane, hakuna ubaya, mlilala kitanda kimoja mpaka mkaota ndevu.

Nawaombea... ngojeni. Nawaombea Mungu awape mvua kwa wakati wake na jua kwa wakati wake. Awape watoto watakaowajia bila kuitwa. Asimwache mmoja wenu ale peke yake, hata mkiwa wazee, hata mkiwa wabaya. Nimewaridhia. Wote. Yaliyonipata humu ndani peke yangu nimeyasamehe, msiyabebe. Maziwa yangu ni halali kwenu.

Lukmani. Chukua birika. Najua mdogo ndiye humnawisha mkubwa, ndivyo nilivyowafundisha mwenyewe. Leo sivyo. Wewe ndiye mkubwa, wewe uanze. Mmiminie ndugu yako maji.

Mansuri, toa mikono.

Sisikii maji.

Msinitazame mimi, mwangalieni... mtazamane ninyi.

Haya. Hayo nayasikia. Taratibu, yasimwagike kwenye jamvi. Semeni bismillahi, mle.