Aliyeuonja Mvinyo wa Lestagnol

Baba padri, majirani wa Saint-Cyprin, wafanyakazi wa shamba la Lestagnol wa zamani na wa sasa, Bwana Ghislain de Marcillan mwenye shamba uliyeketi kiti cha mbele, na wewe baba yetu Firmin uliyeketi karibu naye, mimi ni Solange, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma nisome maisha yake, nami nitayasoma yote, pamoja na yale ambayo kwa miaka arobaini na moja yalisemwa jikoni kwetu tu, madirisha yakiwa yamefungwa.

Marehemu mama yetu Mauricette Labarthe, ambaye kabla ya ndoa aliitwa Mauricette Dubernet, alizaliwa tarehe 19 Februari 1938, katika nyumba ya tatu ya safu ya vibarua hapa Lestagnol, akiwa mtoto wa nne wa mzee Anselme Dubernet, aliyelima kati ya mistari ya mizabibu kwa farasi, na Bibi Clothilde, aliyefunga matawi ya mizabibu kwa vijiti vya mtete hadi vidole vikakataa kunyooka. Babu yake alikuwa na mazoea ya wazee wa hapa, ya kumimina mvinyo mwekundu kwenye supu iliyobaki chini ya bakuli na kuinywa bakuli likiwa mdomoni, na siku moja Mauricette, akiwa na miaka sita, alichovya kidole humo, akalamba, akasema mvinyo huu si wa pipa la jana. Babu alikuwa kweli amebadilisha pipa asubuhi ile bila kumwambia mtu, akacheka mpaka supu ikampalia, na tangu siku hiyo safu nzima ikamwita Pua, jina ambalo alilikubali bila kununa kwa sababu lilikuwa kweli.

Alianza shule ya msingi ya Saint-Cyprin mwezi Oktoba 1944, akamaliza Juni 1952 kwa kupata cheti, akiwa wa kwanza wilaya nzima katika imla na hesabu, hata mwalimu wake, Bi Bergeron, akatembea kwa miguu hadi safu ya vibarua kumwomba mzee Anselme amruhusu binti aende kusoma Bordeaux. Mzee Anselme alimkaribisha kiti, akamsikiliza hadi mwisho, akamjibu kwamba mizabibu haipogolewi kwa imla. Mama aliwahi kuniambia kwamba siku ile hakulia, alikwenda tu kuvaa viatu vya baba yake vya zamani, akajaza majani mbele ili visimtoke miguuni, na Jumatatu akaingia shambani.

Basi alianza kazi Lestagnol mwezi Julai 1952, akafunga matawi, akachuma zabibu, na kuanzia Januari 1955 akaingia kwenye kazi ambayo wanawake wa hapa wanaijua, ya kupasua mayai ya kusafishia mvinyo, mayai sita kwa kila pipa, mapipa mia nne, maana yake mayai elfu mbili na mia nne, wanawake wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya ghala na baridi ikiwakata masikio, wanaume wakichukua ute na kuuingiza ndani, na viini vikirudi nyumbani kwa ajili ya keki. Nje ya ghala, nimesema, kwa sababu wazee wa ghala waliamini kwamba mwanamke aliye katika siku zake akipita karibu na mapipa mvinyo unageuka siki, na kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na ujasiri wa kumuuliza mwanamke tarehe, waliwakataza wanawake wote, mwaka mzima. Mnacheka, na wao pale benchini walicheka pia, walikuwa wakiambiana kwamba siki yenyewe imo ndani tayari, imevaa suruali, lakini hakuna aliyevuka kile kizingiti.

Tarehe 25 Aprili 1959, siku ya Jumamosi, mama alifunga ndoa na baba yetu Firmin Labarthe, wakati huo kijana wa kusukuma mapipa, kwanza mbele ya meya na kisha katika kanisa hili hili, na Mungu akawajalia watoto wawili, mimi Solange mwaka 1961 na mdogo wangu Didier mwaka 1964. Baba alikuwa mchapakazi, sitamnyima hilo, na mwaka 1971 marehemu Bwana Amaury de Marcillan, baba yake Bwana Ghislain, akamfanya mkuu wa ghala, yaani mtu anayeonja kila pipa na kuamua lipi lichanganywe na lipi na kwa kiasi gani ili mvinyo wa mwaka upatikane, na pamoja na cheo hicho tukapewa ile nyumba yenye madirisha ya buluu, ambayo ni ya mkuu wa ghala maadamu yeye ni mkuu wa ghala.

Sasa nafika tarehe 8 Desemba 1977. Asubuhi ile baba aliteleza kwenye ngazi ya tangi, akaanguka chali, akapiga kisogo sakafuni, akalazwa wiki mbili, na aliporudi nyumbani kila mtu alimpongeza kwa kupona. Wiki ya tatu, tukiwa tumelala mimi na Didier, aliketi mezani akamwambia mama ukweli.

"Mauricette, sisikii harufu," alisema. "Hata siki siisikii. Nimekwisha."

"Hujakwisha," mama akamjibu. "Niletee mvinyo nyumbani. Nitanusa mimi, wewe utasema."

Kuanzia Februari 1978, kila mwaka, baba alikuwa akijaza mvinyo wa mapipa kwenye chupa ndogo za dawa ya kikohozi, akazibandika namba, akazificha chini ya mkate kwenye kikapu chake cha chakula, na mama akawa anazionja alfajiri kabla ya kula kitu, akitema kwenye ndoo, akiandika nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita ni pipa gani liende na pipa gani. Mwezi mzima wa Februari nyumbani kwetu hakikupikwa kitunguu wala kitunguu saumu, haikuingia sabuni yenye manukato, tulikula viazi vya kuchemsha kama wagonjwa, na Didier alipolalamika aliambiwa ni tumbo la baba. Jioni mama alimketisha baba na kumkaririsha maneno, huu useme una nguvu mbele lakini nyuma ni mtupu, huu useme usiguswe hadi Aprili, na asubuhi baba akaenda kuyasema mbele ya Bwana Amaury kama mtoto aliyefundishwa shairi, naye Bwana Amaury akatikisa kichwa kwa heshima.

Mwaka 1983, walipokuwa wakiuchanganya mvinyo wa mavuno ya 1982, mama alionja mchanganyiko wa mwisho, akaonja tena, na kwa mara ya kwanza ndoo akaisukuma kwa mguu, akameza. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimekuja likizo, akaniita nikiwa na nguo za kulalia, akanipa bilauri. "Kunywa taratibu, usiukimbilie," aliniambia. "Ukae nao mdomoni mpaka wenyewe uongee." Nilikaa nao, zikaja cheri zilizoiva, ikaja penseli iliyochongwa sasa hivi, ukaja udongo wa kwetu wa changarawe baada ya mvua, na mwisho kabisa, nilipokwisha kuumeza, ukaja moshi wa matawi ya mizabibu tunayochomea nyama. Sijaonja kitu kama kile tena, na ninyi mliowahi kuuonja mnajua sitii chumvi. Mama alikuwa akinitazama usoni, kafurahi mno, na hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Mvinyo ule ulimfanya baba kuwa mtu mkubwa. Magazeti ya Paris yaliandika juu ya pua yake, wanunuzi wa London walikuja kumshika mkono, na mwanzoni, lazima niseme haki, alikuwa akirudi nyumbani na kumkabidhi mama kila neno la sifa, kama mtu anayemrudishia mwenyewe mzigo wake. Kufika mwaka wa kumi alikuwa akirudi akijisifu. Februari 1991 akavimba kichwa, akabadilisha vipimo vya mama bila kumwambia, mvinyo ukatoka butu, Bwana Amaury akauliza kama mkuu wake wa ghala anaumwa mafua, na baba akaja nyumbani mikono mitupu, akaweka chupa ndogo mezani. Mama alichukua kalenda akaandika upya. Na hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda mpaka mvinyo wa mwisho, wa mavuno ya 1998, miaka ishirini na miwili ya mavuno, kila pipa.

Tarehe 15 Mei 1999, siku ya Jumamosi, baba alivishwa nishani kwa kazi hiyo, chakula kikaandaliwa ndani ya ghala, na mama, akiwa na miaka sitini na mmoja, akaingia humo kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaketishwa kwenye meza ya wake za wafanyakazi. Baba alisimama akashukuru, akamshukuru Bwana Amaury, akawashukuru wazee wa ghala, akaishukuru miti ya mwaloni iliyotoa mapipa, na mwisho akamshukuru mke wake kwa supu yake nzuri. Watu walipiga makofi, na mama pia alipiga makofi, nilimwona kwa macho yangu, na nimekasirika tangu siku ile hadi leo hii ninaposimama hapa, na sioni sababu ya kuficha hasira hiyo kanisani kana kwamba Mungu hakuwepo kwenye ile karamu.

Usiku ule mama alimwomba baba kitu kimoja. "Sema mara moja tu, Firmin. Si gazetini. Mwambie Bwana de Marcillan, basi."

"Kesho," baba alisema.

Hakusema kesho yake. Kwanza alihofia pensheni, akastaafu mwaka 2000 pensheni ikaingia salama, kisha akasema Bwana Amaury ni mgonjwa asisumbuliwe, Bwana Amaury akafariki, kisha akasema watu watatucheka, na mwaka 2003 Bwana Ghislain akalitundika jina la Firmin Labarthe kwenye ukumbi mpya wa mapipa, na baada ya hapo kila mwaka uliopita uliufanya ukweli kuwa mzito zaidi kwake, nasi tukazoea kumwona mama akipita pale na kikapu chake cha soko bila kuinua macho. Hakumchukia, alimpikia, alimfulia, alimkata kucha alipoumwa mgongo. Lakini hakuacha kumwomba, na kila mara alimwomba kwa maneno yale yale.

Mama alianza kuumwa figo Novemba 2017, akatibiwa akiwa nyumbani, na tarehe 14 Januari 2019 akalazwa hospitali ya Lesparre, ambako Bwana Ghislain alikuja kumjulia hali, nasi tunamshukuru kwa hilo, akileta chupa ya mwaka 1982 yenye kadi iliyoandikwa kwa baba, kumpongeza kwa kazi ya pua yake. Alipoondoka mama alituambia tuifungue. Daktari alijifanya haoni, nami nikamnywesha mama kwa kijiko, akakaa nao mdomoni muda mrefu, macho ameyafumba, uso wake ukalainika, tukadhani amesinzia.

"Zabibu za Merlot zimezidi kidogo," akasema. "Leo ningezipunguza." Kisha akafungua macho, akamtazama baba aliyekuwa amesimama dirishani, na kwa kuwa baba aliendelea kutazama nje, akanigeukia mimi. "Solange, huyu asiposema, utasoma wewe. Usome yote."

Alifariki Jumapili tarehe 3 Machi 2019, saa kumi na dakika kumi alasiri, akiwa na miaka themanini na mmoja, ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watano, na hadi dakika ile baba alikuwa amemshika mkono, na alikuwa bado hajasema.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Lesparre, hasa waliomwosha kwa sabuni isiyo na harufu bila kuuliza kwa nini. Tunawashukuru majirani wa safu ya vibarua kwa vyakula na kwa kukesha nasi, tunawashukuru wanawake wa benchi ya mayai, mliobaki watatu, na tunamshukuru Bi Perrine, mkuu wa ghala wa sasa, ambaye kila alipokuja nyumbani kumwomba baba ushauri, alikuwa mtu pekee wa shamba aliyemgeukia mama pale jikoni na kumuuliza yeye anaonaje. Bwana Ghislain, wewe hukujua, hatukulaumu kwa usilolijua, ila kuanzia sasa unajua.

Desturi inataka nimalizie kwa kumtakia marehemu mapumziko, lakini karatasi yangu sitaifunga hivyo. Juzi Jumanne nilimpa baba maneno haya ayasome, akayasoma mara mbili, akaniuliza kama nina hakika na tarehe ya kuanguka kwake, nikamwambia ndiyo, akanirudishia karatasi bila kufuta neno hata moja, akatoka nje kupiga viatu rangi. Kwa hiyo amekubali. Lakini mama hakuomba ukubali, baba, wala hakuomba mimi niseme, mimi nimesema kwa sababu wewe ulikataa, aliomba miaka ishirini asikie kwa mdomo wako kwamba mvinyo ule ulikuwa wake. Sasa hatasikia, na hilo sijui kama nitakusamehe. Hawa hapa bado wanasikia. Jeneza halitainuliwa kabla hujasema, na ukishasema, maneno ya kumtakia amani utayaanza wewe, nasi tutaitikia.

Simama, baba.